Kipuri Hakiingii, Mchoro Si Wenyewe: Kutafuta Chanzo Matoleo na Aina za Bidhaa Zinapochanganyika

Mwongozo huu ni wa karakana zinazobuni bidhaa zao na kuziuza kwa jina lao: mashine za kukatia lishe ya ng'ombe, pampu, mikokoteni ya umeme, vidhibiti vya sola. Ukipita Baba Dogo, Kariobangi Light Industries au barabara ya Lunga Lunga jijini Nairobi utazikuta nyingi, na malalamiko yao hufanana hata pale ambapo bidhaa hazifanani. Nimeyapanga kwa dalili. Sababu inayotokea mara nyingi inatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia ule wa kufungua mashine.

Jambo moja la kutenganisha mapema. Toleo ni kipuri kilekile kilichobadilishwa: mwaka jana shafti ilikuwa hivi, mwaka huu iko vile. Aina ni bidhaa zinazouzwa sambamba: mashine ya petroli, ya umeme wa fezi moja, ya fezi tatu. Mkanganyiko wa matoleo na ule wa aina huleta dalili zinazokaribiana, ila haziponi kwa dawa moja. Mfano nitakaourudia ni mashine ya kukatia lishe, kwa kuwa ina vyote viwili na wateja wake hawakai mbali.

Kabla ya lolote, soma kibati

Usianze kwa kumuuliza fundi, wala mteja, wala aliyeuza. Mtu hukumbuka mashine aliyoigusa mara ya mwisho, si hii iliyo mbele yako. Kibati kinachofaa kina nambari ya mfululizo, msimbo wa aina na tarehe ya kuunganishwa. Kwa nambari ya mfululizo unafungua daftari la ujenzi na kuona mashine ilitoka getini na vipuri vya toleo gani.

Kama kibati hakipo, au kipo lakini daftari halina ukurasa wake, usikisie. Pima na upige picha kila sehemu unayofungua, maana ukurasa huo unauandika wewe sasa. Na kibati cha kubandika hakidumu: mafuta na jua hukimaliza upesi. Gonga nambari kwa herufi za chuma kwenye fremu yenyewe.

Dalili: kipuri kipya hakiingii kwenye mashine ya zamani

Mteja amepanda matatu kutoka Githunguri, ana beringi kwenye mfuko wa karatasi, na hasira zake amekuja nazo. Mara nyingi safari hiyo ilianzia kwenye kaunta fulani ya Grogan, mtaa wa vipuri Nairobi, kwa mazungumzo ya namna hii:

“Bosi, nipe beringi ya mashine ya nyasi.”
“Namba ngapi?”
“Ile ya kawaida.”

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza kwa wingi: kipuri kimeagizwa kwa jina. Beringi 6205 na 6305 zote zina tundu la milimita 25, kwa hiyo anayepima shafti peke yake ataapa kwamba ni kitu kimoja. Lakini 6205 ina kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa 15, na 6305 ina 62 na 17. Angalia maandishi yaliyochongwa ukingoni mwa beringi ya zamani kabla haijatupwa, kisha pima mambo matatu kwa vernia: tundu, kipenyo cha nje, unene. Kazi ya dakika chache.

Sababu ya pili ni yenu wenyewe. Kipimo kilibadilishwa, nambari ya kipuri ikaachwa kama ilivyokuwa. Dalili yake ni kwamba stoo ina vipuri viwili tofauti kwenye sanduku moja lenye lebo moja, na kila fundi ana maelezo yake kuhusu kipi ndicho “kizuri”.

Ya tatu: muuzaji wenu amebadilisha bidhaa bila kuwaambia. Injini ndogo za petroli zinazofanana kwa macho huja na shafti ya inchi robo tatu, yaani milimita 19.05, au ya milimita 20 kamili. Puli iliyotobolewa kwa 20 itaingia kwenye 19.05, icheze kidogo, na baada ya muda ile chabeta, kipande kinachofunga puli na shafti, inakula njia yake. Hapa kipuri *kimeingia*, na hilo ni baya kuliko kukataa. Ya nne, isiyo ya kawaida sana, ni kwamba fundi wa huko nyanjani aliibadilisha mashine: alikereza shafti, akachomelea kipande. Utaijua kwa alama za moto na kwa vipimo ambavyo havimo kwenye toleo lolote mliloandika.

Marekebisho ya kudumu yanategemea swali moja, na liulizwe kabla ya badiliko kutoka kwenye meza ya mbunifu: je, kipya na cha zamani vinaweza kubadilishana kwa pande zote mbili, bila kupiga tupa, bila kuongeza washa, na mashine ikafanya kazi ileile? Jibu likiwa ndiyo, nambari inabaki na herufi ya toleo inapanda, kutoka B hadi C. Likiwa hapana, toa nambari mpya. Nimeona karakana zikibana nambari mpya kana kwamba kila moja inalipiwa ushuru. Nambari ni bure.

Kuwa mwangalifu na ile sehemu ya “kazi ileile”. Beringi 6205 yenye ngao za chuma, ZZ, na ile yenye sili za mpira, 2RS, zina vipimo sawasawa. Kwenye mashine inayokula vumbi la mabua mchana kutwa, si kipuri kimoja. Zipewe nambari mbili.

Anayedhani hili ni jambo la karatasi tu asome habari za General Motors. Mwaka 2006 kampuni hiyo iliidhinisha badiliko kwenye swichi ya kuwashia ya magari madogo kama Chevrolet Cobalt, na nambari ya kipuri haikubadilishwa. Swichi ya awali ilikuwa laini mno. Ufunguo uliweza kuteleza gari likiwa barabarani, injini ikazimika na mifuko ya hewa isifunguke kwenye ajali. Waliokuja kuchunguza wakakuta magari ya miaka ya nyuma yana tatizo na ya baadaye hayana, huku karatasi zikisema swichi ni moja. Magari yalianza kuitwa yarudishwe 2014. Mfuko wa fidia uliofuata ulikubali madai ya vifo 124.

Dalili: mashine inatetemeka, inapiga kelele au inachoma mota, na kila kipuri ni kipya

Simamisha mashine kwanza, soma baadaye. Hii ndiyo dalili hatari kuliko zote humu, na chanzo chake huwa ni aina mbili zilizochanganywa.

Fanya hesabu ya puli. Mota ya umeme ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa 50 Hz huzunguka karibu mara 1440 kwa dakika ikibeba mzigo. Injini ndogo ya petroli ikifunguliwa yote hufika karibu 3600. Tuseme ngoma ya visu imebuniwa kwa mizunguko 900 na ina puli ya milimita 320. Aina ya umeme itahitaji puli ya milimita 200 upande wa mota, na aina ya petroli puli ya 80 upande wa injini. Sasa fundi wa zamu ya jioni akiokota ile ya 200 na kuifunga kwenye injini, ngoma inakwenda mizunguko 2250. Mwendo umepanda mara mbili na nusu, lakini nguvu inayovuta visu kutoka kwenye bolti zake hupanda kwa mraba wa mwendo: zaidi ya mara sita. Kisu kikichomoka kwa mwendo huo, kifuniko cha bati hakikizuii.

Kosa la upande wa pili, puli ya 80 kwenye mota, halirushi kisu. Ngoma inajikokota kwa mizunguko 360, mabua yanajazana, mota inakwama na kuungua. Mteja atakwambia mota ni feki.

Kagua hivi, plagi ikiwa imetolewa au waya wa plagi ya injini umechomolewa: soma msimbo wa aina kwenye kibati, pima puli zote mbili kwa futi, fanya hesabu. Kisha angalia upana wa mkanda, kwa kuwa mkanda wa A una milimita 13 juu na wa B una 17. Mkanda wa A kwenye mfereji wa B huzama chini na kuteleza. Kwa mashine ya fezi tatu inayorudi kinyume, tatizo huwa ni waya mbili zilizobadilishana nafasi, si aina.

Sasa tafuta ni kitu gani kiliruhusu kosa. Zamani puli hizi zilikuwa na tundu tofauti: mota yenye fremu ya 90 ina shafti ya milimita 24, injini ina 19.05 au 20. Puli ya mota isingekaa kwenye injini hata ukiomba. Kisha mtu mwenye nia njema akaamua kutoboa puli zote kwa kipimo kimoja na kuweka kibushi, ili stoo iwe nyepesi. Akaokoa pesa kidogo, na akaondoa kinga pekee iliyokuwapo. Kabla ya kuunganisha vipuri vya aina mbili viwe kimoja, uliza kwanza tofauti ile ilikuwa inazuia nini. Nikipewa nichague kati ya lebo nzuri na tundu lisilokubali, nachukua tundu.

Simama na uite mtu mwingine: mashine ikishapita mwendo wake, hata kwa dakika moja, usiirudishe kazini kwa kubadilisha puli tu. Ngoma, bolti za visu na shafti zikaguliwe na mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Na kazi yoyote ya waya za 415 V, yaani za fezi tatu, ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Dalili: fundi amekata kwa mchoro wa zamani

Usimkaripie. Mwombe akuonyeshe mchoro aliotumia, ule wenyewe aliokuwa ameshika, kisha angalia kona ya chini kulia: nambari, herufi ya toleo, tarehe. Kisa kizima huishia hapo mara nyingi, kwa mojawapo ya njia hizi.

Karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya leith, yaani mashine ya kukerezea, ikiwa na alama za vidole vya grisi, ndiyo inayoongoza. Inafuatwa na WhatsApp: mchoro mpya ulitumwa kwenye kundi asubuhi, ukafunikwa na salamu na picha za harambee, fundi akapandisha juu na kufungua ule aliouona kwanza. Halafu kuna majina ya faili: shafti_mwisho, shafti_mwisho2, shafti_mwisho_kweli. Mwisho, na hili hukasirisha zaidi, mbunifu amerekebisha mchoro uliokwisha kutolewa bila kupandisha herufi, kwa hiyo kuna C mbili.

WhatsApp haitatoka karakanani na sioni haja ya kupigana nayo. Lazimisha tu kwamba jina la faili ni nambari na herufi, SH-104-C, na kwamba asili inakaa mahali pamoja ambapo mtu mmoja ndiye anayeweza kuandika. Nakala ya karatasi ipigwe muhuri mwekundu wenye tarehe, na anayeleta mpya aondoke na ya zamani mkononi. Hiyo sehemu ya kuondoka na ya zamani ndiyo watu husahau.

Kwa karakana zenye vijana wa programu, kutatokea anayependekeza Git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Ni chombo kizuri. Kilitengenezwa 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux na kwa maandishi hakina mpinzani. Lakini faili za michoro ya pande tatu si maandishi. Watu wawili wakirekebisha shafti ileile, Git haitaweza kuunganisha kazi zao; mmoja atapoteza yake. Tumieni utaratibu wa kufunga faili: anayeichukua anaifunga, akimaliza anaifungua.

Kuna sababu moja adimu: programu ya kuchora yenyewe ikiwa ya matoleo mawili. Hili liliwapata Airbus kwenye ndege ya A380. Wabunifu wa Hamburg walikuwa wakitumia programu ya kuchora ya CATIA, toleo la 4, wenzao wa Toulouse toleo la 5. Ndege hiyo ina nyaya za takriban kilomita 530, na zilipofika kufungwa hazikutoshea njia zake. Ucheleweshaji ukatangazwa 2006. Ukiona vipimo vinavyobadilika kidogo kila faili inapohama kutoka kompyuta ya ofisini hadi ya mkata bati, linganisheni matoleo ya programu kabla ya kulaumiana.

Dalili: programu mpya imetiwa kwenye bodi, na kifaa kimegoma au kinafanya mambo yake

Hii ni ya vidhibiti vya sola, mikokoteni na pikipiki za umeme. Swali la kwanza: bodi ni ya toleo gani? Soma maandishi meupe yaliyochapishwa juu yake, si lebo ya boksi. Bodi ikibuniwa upya, pini huhamishwa. Programu inayowasha feni kwenye toleo la 3 inaweza kuwa inafungua vali kwenye toleo la 2.

Kama bodi na programu vinakubaliana, shuku kumbukumbu ya mipangilio. Programu mpya huenda inatafuta kiwango cha chaji mahali ambapo ya zamani iliweka lugha ya skrini. Futa mipangilio yote, weka upya, jaribu. Ikipona hapo umejua, na dawa ya kudumu ni kuhifadhi nambari ya toleo mwanzoni mwa mipangilio, ili programu ikikuta nambari isiyoijua irudi kwenye viwango salama. Sababu ya tatu ni chipu mbadala. Tangu uhaba wa chipu wa 2021, bodi nyingi zilizobuniwa kwa chipu ya STM32F103 zimetoka na GD32F103 na binamu zake. Zinaendana kwa sehemu kubwa, ila si kwa kila kitu, hasa mambo ya muda na mwendo. Soma jina juu ya chipu kwa kioo cha kukuzia.

Marekebisho bora ni kuifanya bodi ijitambulishe: vipinga viwili vitatu vyenye thamani tofauti kwa kila toleo, programu ivisome inapoamka, ikikuta si yake ikatae kuendelea na iseme hivyo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumtuma mtu Turkana.

Simama hapa bila mjadala kama kifaa kinachaji betri. Betri ya risasi ya 12 V huchajiwa hadi karibu 14.4 V, na programu nyingi zina hatua ya kusawazisha inayopita 15 V. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya seli nne haitakiwi kuvuka 14.6 V, yaani 3.65 kwa seli. Ikipewa programu ya risasi, kinga yake ya ndani ndiyo itakayokuokoa, kama ipo na kama ni nzima. Betri iliyovimba, iliyo moto au inayonuka: ikate kwenye chaji kama unaweza kufanya hivyo salama, ondoa watu, usiifungue. Mwite mtaalamu wa betri; ikianza kutoa moshi, ita zima moto.

Dalili: stoo ina vipuri visivyo na mashine, na mashine zinangoja vipuri

Hapa sababu ni karibu moja daima. Badiliko liliidhinishwa bila kusema linaanza lini. Ununuzi ukaagiza vipya siku hiyohiyo, kiwanda kikaendelea na vya zamani, au kinyume chake.

Kila fomu ya badiliko iwe na mstari wa kuanza, na chaguo ni tatu tu: kuanzia nambari fulani ya mfululizo, vya zamani vikiisha, au sasa hivi, na vya zamani vitupwe. Hili la tatu ni la usalama. Fomu isiyo na mstari huo irudishwe kwa aliyeileta.

Dalili: hakuna anayejua mna aina ngapi

Hesabu. Nguvu za namna tatu, fremu mbili, midomo mitatu, na au bila magurudumu: tayari ni aina 36. Ongeza rangi mbili, ni 72. Kisha fungua risiti za mwaka mmoja uone ni zipi zimewahi kuuzwa. Orodha itakuwa fupi, na muuzaji wenu atabisha.

Chanzo kwa kawaida ni kunakili lahajedwali: kila mteja mwenye ombi la pekee akafunguliwa orodha yake ya vipuri, iliyonakiliwa kutoka kwa ya mwenzake pamoja na makosa yake. Bolti ikibadilika, inabidi ibadilishwe sehemu 36. Tengenezeni orodha moja yenye vipuri vyote vya aina zote, kila mstari na sharti lake: “puli ya 80, ikiwa nguvu ni petroli”. Msimbo wa aina ndio unaochuja. Andikeni pia mambo yasiyowezekana pamoja, na mwenye kaunta awe na karatasi hiyo kabla ya kuahidi.

Kununua programu kubwa ya usimamizi kabla ya kukubaliana juu ya nambari ni kuharakisha fujo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10007, kilichotolewa upya 2017, kinaeleza utaratibu huu wote kwa mwendo unaofuatika, na hakimlazimishi mtu kununua programu yoyote. Daftari lenye mistari linaanza vizuri.

Dalili: kasoro imegunduliwa, na hamjui mashine zipi zinayo

Angalia daftari la ujenzi kwanza, kisha risiti za ununuzi wa kipuri kibovu, kisha tarehe za mauzo. Kila hatua ina uhakika mdogo kuliko iliyotangulia, kwa hiyo panua wigo kadiri unavyoshuka. Ukiwa na tarehe za mauzo tu, wapigie wote waliouziwa kipindi hicho na wiki kadhaa kabla yake, maana mashine hukaa stoo.

Waambie kwa maneno yasiyozunguka: acha kuitumia, soma nambari kwenye fremu, nitumie picha yake. Kama bidhaa ina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, wajulisheni mapema, na msibadilishe kipuri kinachohusu usalama mkidhani kibali cha zamani kinafunika toleo jipya. Kifaa chenye redio ndani kikibadilishiwa moduli, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu idhini yake kabla ya kukituma tena sokoni. Mtu akijeruhiwa, msiiguse mashine hata kidogo. Wakili na mkaguzi waikute kama ilivyokuwa.

Mashine iliyorekebishwa igongwe alama pembeni mwa nambari yake, na ukurasa wake kwenye daftari uongezwe mstari: tarehe, kipuri kilichotoka, kilichoingia, aliyefanya. Wale wasiopokea simu muwaandike kwenye orodha yao peke yake na kuwafuata kupitia vyama vya maziwa, ambavyo mara nyingi hujua ng'ombe wa nani anakula kutoka mashine ipi.